MKUBWA WA SIMU ALIPOONDOKA, NA MSHAHARA WETU

Hotuba ya Kamati ya Tawi kwa wanachama waliokutana Murera



Sisi wa Kamati tumeombwa tuseme juu ya simu. Huenda wengine wanajiuliza chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mambo ya simu, kwa maana hakuna hata mmoja wetu hapa aliyeandikwa kazi na kampuni ya simu. Sababu ni barua. Tajiri mmoja wa sehemu hii, ambaye hatutamtaja jina maana mazungumzo bado yanaendelea, ameliandikia Tawi kwamba ataacha kulipa mishahara kwa fedha mkononi, na kwamba kila mtu, wa mwezi na kibarua wa debe, atalipwa kwa simu. Barua hiyo ilipobandikwa kwenye mlango wa stoo, maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba taabu hii ililetwa na yule Mzungu wa Safaricom, na kwamba siku alipoondoka sisi tulipiga makofi kama watu waliokwisha kulipwa. Watu walicheka. Lakini Kamati ilipokaa jioni, tuliona mzee yule alisema jambo ambalo halikuwa mzaha hata kidogo, na ndiyo maana twataka kulirudia leo polepole, tangu mwanzo.

Vijana wengi hapa hawakuijua simu ya zamani. Simu ilikuwa mali ya shirika moja tu. Kwanza lilikuwa la nchi zetu tatu za Afrika Mashariki pamoja, na Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 Kenya ikawa na shirika lake la Posta na Simu. Hapakuwa na mwingine. Ukitaka simu nyumbani, ulijaza karatasi ukangoja, na kungoja huko kulikuwa kwa miaka. Sisi watu wa mashambani hatukujaza karatasi yoyote. Tulipanga mstari kwenye kibanda mjini, sarafu mkononi, tukiomba Mungu aliye mbele yetu asiwe na ukoo mkubwa. Mara nyingi mkono wa simu ulikuwa umekatwa. Habari za msiba ziliweza kufika Murera baada ya maiti kuzikwa.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana sisi ni chama cha wafanya kazi. Shirika lile liliajiri maelfu ya watu, mafundi wa nguzo, makarani, wapokeaji simu, nao walikuwa na chama chao na malipo ya uzeeni. Mwaka wa 1999 Serikali ililigawa: Posta ikawa mbali, simu za waya zikawa Telkom Kenya, na usimamizi wa sheria ukapewa Tume ya Mawasiliano. Telkom ikabaki na haki ya peke yake ya simu za waya kwa miaka mitano hivi, lakini wakati huo huo simu za mkononi zilikuwa zinaila kutoka chini. Maelfu ya wafanya kazi wake walipunguzwa kabla ya mwezi wa Desemba 2007, asilimia 51 ya Telkom ilipouzwa kwa kampuni ya Ufaransa. Twakumbuka watu waliorudi vijijini na barua za kupunguzwa na cheki moja, wakanunua matatu, na matatu ikafia njiani. Jambo hili halikuandikwa sana magazetini siku zile, kwa sababu magazeti yalikuwa yanashangilia simu mpya.

Basi Safaricom ilitoka tumboni mwa lile shirika la zamani. Iliandikishwa kuwa kampuni mwaka wa 1997, na mwaka wa 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40. Ndipo akaja Bwana Michael Joseph kuwa Mkurugenzi Mkuu. Aliikuta kampuni ina wateja wasiofika 20,000. Jambo la kwanza lililowavuta watu maskini lilikuwa kulipisha kwa sekunde. Kampuni nyingine ilikulipisha dakika nzima hata kama ulisema "nimefika" ukakata. Mtu mwenye shilingi kumi anajua tofauti hiyo kuliko profesa yeyote. Baadaye zikaja kadi ndogo ndogo za kukwaruza, ikaja njia ya kumgawia mwenzako salio, na mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa, ambayo haihitaji kuelezwa mbele ya watu wa Murera.

Kufikia katikati ya mwaka wa 2010 nchi ilikuwa na laini za simu zipatazo milioni 20, na karibu milioni 16 kati ya hizo zilikuwa za Safaricom. Kwa sheria kampuni hii haikuwa ya peke yake, maana zilikuwako nyingine tatu. Lakini penye watu watano, wanne wakiwa upande mmoja, yule wa tano naye atahamia huko, kwa sababu kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuvuka. Na aliyeingia M-Pesa alikuwa hatoki tena. Huo ndio ukiritimba wa siku hizi. Hauna tangazo la Serikali, umejengwa na ndugu zako mwenyewe walio kwenye laini hiyo.

Mwaka ule wa 2010 ikatangazwa kwamba Bwana Joseph anaondoka baada ya miaka kumi, na kwamba tarehe 1 Novemba atachukua nafasi yake Bwana Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana. Ndugu zangu, mnakumbuka wiki zile? Hata kwenye foleni ya kupima kahawa watu walizungumza habari zake, mtu ambaye hakuna aliyepata kumwona ila kwenye televisheni ya hotelini.

Wengine walifurahi kwa sababu ya neno moja. Miaka michache kabla ya hapo, watu walipolalamika kwamba mtandao unajaa na simu haziendi, alisema kwa maana kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu. Neno hilo halikusahauliwa. Lilifanywa mzaha, likafanywa wimbo wa matatu, lakini chini ya mzaha palikuwa na uchungu. Mtu anayengoja usiku bei ishuke ndipo ampigie mama yake hana tabia ya ajabu. Ana mshahara mdogo. Sisi twaamini mkubwa yule alikuwa akisema ukweli wa mitambo yake: watu wengi mno kwa saa moja. Lakini aliusema kama mtu ambaye hajawahi kuhesabu sarafu, nasi tulilisikia kama watu tunaozihesabu kila siku.

Wengine walifurahi kwa sababu ya hisa. Hapa tutakaa kidogo, maana jambo hili linatuhusu sote na aibu yake ni yetu. Mwaka wa 2008 Serikali iliuza robo ya kampuni, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Kiasi cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu zaidi ya laki nane waliomba. Katika sehemu yetu watu walichukua mkopo kwenye chama cha akiba, wengine waliuza ng'ombe, mwanachama mmoja aliuza mabati aliyokuwa amenunua kwa nyumba ya mkwewe. Maombi yalikuwa mengi mno, na wanunuzi wadogo walipewa sehemu tu ya walichoomba, nyingine ikarudishwa baadaye huku riba ya mkopo ikienda yote. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, zikapanda kidogo, kisha zikashuka, na mwanzoni mwa mwaka wa 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Wenzetu wengi waliuza hapo. Hakuna aliyewashika shingo kununua. Tulikimbia kwa sababu jirani alikimbia. Lakini ni tabia ya mtu aliyepata hasara kumtafuta mwenye uso, na uso uliokuwapo ulikuwa wa Bwana Joseph. Kwa hiyo alipoondoka, walisema, "Aende." Afadhali wangengoja: mwaka wa 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Kungoja miaka kumi na mitatu, hata hivyo, si kazi ya mtu mwenye karo ya shule.

Walikuwako pia waliohuzunika, tena si wachache. Mama mwenye kibanda cha M-Pesa hapo kwenye stendi alisema kwamba bila kazi ya mtu yule angali anauza sukuma wiki kwenye jua. Vijana waliotoka Magharibi na Nyanza kuja kuchuma kahawa walisema zamani walikuwa wakipeleka pesa nyumbani kwa mkono wa dereva wa basi, na dereva wa basi ni binadamu. Hawa walikuwa na haki ya kuhuzunika. Magazeti nayo yalimsifu sana, yakahesabu mabilioni. Faida ya mwaka ule ulioishia Machi 2010, baada ya kodi, ilikuwa shilingi bilioni 15.

Na lilikuwako kundi la tatu, ambalo twadhani lilikuwa kubwa kuliko yote, lililouliza swali moja tu: kwa nini anayekuja si Mkenya? Kampuni ilizaliwa na shirika letu, wateja ni sisi, Serikali ina sehemu, wahandisi wetu wamesoma. Mbona atoke mgeni aingie mgeni? Swali hilo lilikuwa la haki. Sisi wenyewe tuliliuliza. Lakini leo, tukitazama nyuma, twaona lilitupofusha kidogo, kama tutakavyoeleza.

Wakati huo huo kulikuwa na vita vya bei. Mwezi wa Agosti 2010 Tume ya Mawasiliano ilipunguza malipo ambayo kampuni moja humpa mwenzake kwa kupokea simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Papo hapo kampuni ya Zain, ambayo Wahindi wa Bharti Airtel walikuwa wameinunua mwaka ule, ikashusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom haikuwa na la kufanya ila kufuata. Bwana Joseph alilalamika hadharani kwamba bei hizo haziwezi kudumu. Watu wakacheka, wakasema mzee ameshindwa, ndiyo maana anakimbia. Hapa Murera watu walizungumza kwenye simu mpaka masikio yakawa moto. Hata sisi wa Kamati tulipigiana simu kuulizana kama mvua imenyesha, nasi tuko umbali wa kupaza sauti.

Basi sikilizeni kilichofuata. Yule waliyemfurahia kuondoka akaondoka. Akaja mwingine, mtu wa maneno mapole, ambaye watu walimpenda. Na mwezi wa Oktoba 2011, chini ya huyu mpole, Safaricom ikapandisha bei kutoka shilingi 3 hadi 4. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Alipofariki tarehe 1 Julai 2019 nchi ilimlilia kwa kweli, nasi tulimlilia. Twasema tu kwamba waliopiga makofi kwenye stendi mwaka wa 2010 walikuwa wakitazama kiti. Bei haikai kwenye kiti. Iliposhuka, ilishushwa na amri ya Tume na mshindani mwenye njaa. Iliporudi, ilirudi kwa sababu mshindani alichoka na amri nyingine haikuja.

Kuna na kichekesho. Collymore alipofariki, nani aliitwa kushika usukani kwa muda? Michael Joseph yule yule. Wale waliosema "Aende" walimwona tena asubuhi kwenye gazeti. Tena ni chini yake, mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, kampuni iliondoa malipo ya kutumiana kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa. Mtu wa "tabia za ajabu" ndiye aliyetutumia bure! Lakini hata hapo usimshukuru yeye wala usimlaumu: Serikali na Benki Kuu zilitaka watu waache kushikana noti, na ikawa. Mwaka wa 2020 ulipokwisha, malipo yakarudi, isipokuwa kwa visenti vidogo. Na wakati huo tulikuwa tayari tumepata lile tuliloliomba mwaka wa 2010, maana tangu tarehe 1 Aprili 2020 Mkurugenzi Mkuu alikuwa Bwana Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukalia kiti hicho. Tulijivuna, na ilifaa tujivune. Malipo yakarudi chini ya Mkenya vilevile kama yalivyokuwa chini ya wageni. Mwaka wa 2023 Bunge letu wenyewe, lenye watu tuliowachagua kwa kura, likaongeza ushuru wa kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15.

Sasa turudi kwenye barua iliyo mlangoni mwa stoo.

Kamati haipingi mshahara kwa simu. Tuseme hilo wazi, kwa sababu kuna uvumi kwamba sisi wazee tunaogopa mashine. Twajua siku ya mshahara ilivyo. Twajua wale vijana wanaongoja kwenye kichaka cha njia ya mtoni jioni ya malipo. Twajua akina mama waliotuambia, tena mbele ya waume zao, kwamba bahasha ikishikwa na baba hupitia mahali fulani kabla ya kufika nyumbani. Na bahasha yenyewe haikuwa malaika. Mara ngapi tumehesabu tukakuta pungufu, karani akasema tumehesabu vibaya? Kwa simu angalau hesabu inaandikwa.

Lakini mshahara ukiingia kwenye simu haujawa unga. Lazima uutoe. Kwa bei za miaka hii ya karibuni, kutoa shilingi 1,000 kwa ajenti kunakula karibu shilingi 30, na kutoa 10,000 kunakula zaidi ya 100. Mtu wa mwezi atapoteza zaidi ya 1,200 kwa mwaka. Kibarua wa debe, anayelipwa kidogo kidogo kila wiki, ndiye atakayeumia zaidi, kwa maana kiasi kidogo hukatwa sehemu kubwa kuliko kiasi kikubwa. Sasa, gharama ya kuleta fedha kutoka benki, askari wa kulinda gari, karani wa kuhesabu, yote hiyo tajiri alikuwa akiilipa yeye. Kwa barua hii ameitua mabegani mwetu, akasema ni maendeleo.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 17, yasema mshahara ulipwe wote, moja kwa moja kwa mfanya kazi, kwa fedha ya Kenya: taslimu, au benki aliyoichagua mwenyewe, au kwa cheki au hawala. Ilipoandikwa haikutaja simu, maana M-Pesa ilizaliwa mwaka ule ule. Lakini neno "wote" limo. Sisi twasoma kwamba shilingi ya kutolea si sehemu ya kazi tuliyoiuza. Tajiri amejibu kwa mdomo kwamba malipo ya ajenti ni shauri la kampuni ya simu, tuiandikie yeye au twende tukamlilie Mkurugenzi wake. Hapo ndipo tulipomkumbuka mzee wetu na makofi yake. Hatutakwenda kumlilia mtu yeyote Nairobi. Aliyetuajiri yuko hapa, ofisi yake ina mlango, nasi twaujua.

Kuna jambo jingine ambalo si la tajiri, ni letu. Tangu mwaka wa 2019 wengi wetu tumechukua Fuliza, wengine kwa unga, wengine kwa mambo ambayo hatutayasema mbele ya watoto. Deni la Fuliza halingoji. Pesa ikiingia tu inachukuliwa kabla hujaona. Mtu mwenye deni la shilingi 2,000 akilipwa 3,000 kwa simu atalala na 1,000, na mke wake atadhani amekula njiani. Deni ni halali na lazima lilipwe, lakini mtu ana haki ya kununua unga kwanza ndipo alipe. Kwa hiyo tumeandika katika jibu letu kwamba anayetaka mkononi aendelee kulipwa mkononi, anayetaka benki apelekewe benki, na anayekubali simu aongezewe kiasi cha kutolea juu ya mshahara, kionekane kwenye karatasi ya malipo kwa mstari wake. Tumeongeza pia habari za wale wasio na kitambulisho ambao laini zao zimeandikwa kwa majina ya ndugu, maana mshahara ukiingia kwenye jina la shemeji, Kamati haina uwezo wa kuutoa huko.

Wapo kati yenu mnaosema meneja huyu anakaribia kustaafu, tungoje ajaye, huenda akawa mwema. Labda. Nasi twamtakia huyu mapumziko mema. Lakini jibu tutalipeleka kwake, sasa, na kama akija mwingine atalikuta mezani.

Tutakwenda ofisini siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, watu watano wa Kamati na wajumbe wawili wa vibarua, mmoja wao mwanamke. Kabla ya hapo twahitaji karatasi zenu. Kila aliyewahi kulipwa kwa simu, hata mara moja, alete simu yake na ujumbe aliopokea, karani ataandika kiasi kilichoingia na kiasi kilichokatwa. Wale wasiosoma watasomewa, na hakuna atakayeulizwa habari za Fuliza asipotaka. Karani atakaa nyuma ya kanisa kesho na keshokutwa tangu saa kumi na moja jioni mpaka giza liingie. Mama wa kibanda cha M-Pesa amekubali kutupa nakala ya karatasi ya bei bila malipo.